Pumzi ya Mla Ugali

Mshamu alirudi kutoka mikokoni tope limemfika kifuani, akaingia ndani bila salamu. Katika kijiji chao cha Mbuchi, anayetoka mikokoni husimama nje kwanza, atoe salamu, aitikiwe, ndipo avuke kizingiti. Hata watoto wanalijua hilo. Lakini Mwanamina alimwona mumewe anatetemeka, akamshika mkono mwenyewe, akamlaza kitandani. Huruma hiyo ndiyo iliyomponza.

Tangu hapo nyumba ikanuka tope. Mshamu, Mmatumbi wa milimani aliyeukejeli wali wa delta na kudai ugali mchana na usiku, sasa hakugusa chakula. Alikaa tu akimtazama mkewe.

Mwanamina alikuwa akiwafanyia watafiti kazi ya kupima hewa inayotoka topeni. Mashine yao ilipitisha mwanga wa leza ndani ya hewa hiyo, ikatambua kaboni nyepesi na kaboni nzito: nyepesi ya mikoko, nzito ya mahindi. Wenyewe walitania kwamba inamjua mla ugali kwa pumzi yake. Wiki ile bomba lililochomekwa topeni likaleta hewa ya mahindi, mahali ambapo hindi halijawahi kuota.

"Imeharibika hii," alisema Mwanamina. Akavifuta vipimo vyote, akaibeba mashine nyumbani aijaribu kwa mla ugali wake.

Mshamu akapuliza. Mashine ikasoma tope. Akapuliza tena bila kuambiwa, taratibu, akitabasamu, na pumzi haikukatika, ikaendelea kutoka na kutoka kama haina kifua inamotokea, hadi Mwanamina akaikumbatia mashine na kukimbilia kwa Bi Rukaiya, mganga wa jirani.

"Alitoa salamu?" Bi Rukaiya alinong'ona.

"Hakutoa, bibi."

"Basi uliyemlaza si mumeo. Huyo ni jini. Mwenzio kafukiwa kule, yu hai, ananyonywa pumzi kidogo kidogo. Ikiisha, yote inakuwa ya huyo wa nyumbani."

Mwanamina aliitazama mashine mikononi mwake. "Alikuwa ananiita, bibi. Nami nikamfuta."

Wakakimbilia mikokoni na jembe, wakaliunga bomba kwenye mashine, na kweli mahindi yalikuwepo bado, hafifu, yakipungua kila Mwanamina alipotazama, naye akachimba huku maji yanajaa na kurudisha tope shimoni, akachimba kwa jembe, akachimba kwa kucha, akiita jina la mumewe hadi sauti ikamkauka, na mashine ikasoma tope tupu.

Kisha kipimo kikapanda ghafla. Mahindi, safi, mengi kuliko mwanzo.

"Anapumua!" Mwanamina alilia kwa furaha, akazidi kuchimba.

Bi Rukaiya hakumsaidia. Alikuwa akiutazama mdomo wa bomba, ambao jembe lilikuwa limeung'oa topeni, na yule Mshamu wa nyumbani aliyechuchumaa kando ya bomba, akiupulizia taratibu.