Bakuli Lililopinda Usiku Mmoja

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku hufagia maranda katika karakana ya shangazi yake. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu ya mdomo usiopoa. Shangazi ni mkereza: hufunga gogo kwenye mashine, likizunguka hulichonga kwa patasi mpaka liwe bakuli.

Likizo ilipofika, shangazi alimpeleka kwenye kongamano la wakereza. Siku ya kwanza watoto walikereza bakuli na kifuniko, na kazi bora zingewekwa kwenye meza ya maonyesho. Bakuli la Chiriku lilitoka duara kamili, kifuniko kikaketi sawasawa. Alilipanga rafuni, kando ya lile la binti wa mzee aliyewanolea wakereza patasi pale kongamanoni, msichana asiye na maneno mengi.

Kesho yake kifuniko kilikataa kuingia. Bakuli lilikuwa limebonyea ubavuni.

"Hili si langu!" Chiriku alifoka. Jana nani aliondoka wa mwisho? Si huyu binti wa mnoa patasi? Na mbona anaangalia chini? Kimya kingi kina mshindo mkuu, alijiambia. "Wewe ndiye uliyebadilisha! Fungua mkoba tuone!"

Msichana aliufungua mbele ya ukumbi mzima. Mlikuwa na daftari, kitambaa na kipande cha msasa.

"Basi amelificha kwingine," Chiriku akasema.

Shangazi alisogea. "Hebu niambie, mti wako uliutoa wapi?"

Chiriku akababaika. Wote walikuwa wameambiwa wachukue vipande vikavu, lakini yeye alichukua kibichi kwa kuwa hukatika kwa urahisi. "Kwenye rundo la nje, shangazi."

Shangazi hakugomba. Alikereza kikombe chembamba kutoka rundo lile lile, akamwambia Chiriku apime mwenyewe upana wa mdomo wake kwa bikari, kisha wakakiweka dirishani penye upepo. Kutwa nzima Chiriku hakubanduka hapo. Alimkodolea macho kila aliyepita, asije akakibadilisha. Hakuna aliyekigusa. Jioni alipopima tena, mdomo wa kikombe ulikuwa umebonyea kama yai: mti mbichi ulikuwa umejikunja ukikauka.

Chiriku aliona haya, masikio yakamwaka moto. Akamfuata msichana yule pembeni. "Samahani, mwenzangu," alinong'ona.

"Ulinishtaki kwa sauti," msichana alimjibu. "Mbona samahani unaninong'oneza?"

Chiriku aligeuka. Akasimama katikati ya ukumbi. "Jamani, bakuli ni langu! Nilichukua mti mbichi, na nilikuwa nimekatazwa. Huyu hakuiba kitu. Nimemkosea."

Watu waliacha mashine wakasikiliza. Binti wa mnoa patasi aliitikia kwa kichwa, bila kutabasamu.

"Hajacheka nami," Chiriku alilalamika walipokuwa wakikusanya vifaa.

"Mpe muda, mwanangu," shangazi alisema. "Bakuli lililopinda tutalikausha, tulichonge upya. Moyo wa mtu hauna mashine. Siku nyingine kitu kikiharibika, kabla hujapekua mkoba wa mwenzako, jiulize kwanza wewe mwenyewe ulifanya nini."