Kifungo Kwenye Droo ya Tatu

Ukumbi wa chini wa lile jengo la mafundi simu, Jumamosi, hata pa kuweka mguu hapapatikani. Madirisha yamepangana pande zote mbili, kila dirisha na namba yake, kila fundi na taa yake ya mezani, na katikati watu wanasukumana kama kuna kitu kinagawiwa bure. Humo ndimo alimoingia binti yangu na gauni la njano la mikono mirefu nililomshonea mwenyewe, kifungo kimoja cha mbao kwenye kila kifundo cha mkono. Mkononi ana simu iliyopasuka kioo kama utando wa buibui.

Haya ninayoyaandika mengine nimeyaona kwa macho yangu, mengine wameniambia wenyewe wawili, kila mtu kwa wakati wake. Nayaandika ili mzazi mwenzangu ayasome mapema, na binti mwenye vidole vyepesi vya kuandika naye ayasome.

"Kaka, hii inapona?" aliuliza kwenye dirisha namba kumi na moja.

Fundi aliinua macho. Kijana mrefu, mwembamba, shati la bluu limenyooshwa pasi mpaka kwenye ukosi, bisibisi ndogo imekaa juu ya sikio kama kalamu.

"Inapona. Ilidondoka?"

"Ilidondoka."

"Dada, simu ikidondoka hupasuka pembeni. Hii imegongwa mezani. Ulikuwa na hasira na nani?"

Binti yangu hajui kudanganya ghafla. "Na konokono," akasema.

"Konokono?"

"Fundi, tengeneza simu, achana na konokono wangu."

Akacheka, naye akacheka. Mara watu wa nyuma wakasukuma, mkono wa gauni ukanasa kwenye ukingo wa dirisha, kifungo kikachomoka na kuingia ndani kwa fundi, katikati ya misumari na vioo vibovu. Fundi akainama, akatafuta, akaibuka na vumbi kwenye paji la uso.

"Hakionekani."

"Basi utanilipa gauni zima."

"Nitalipa. Ila nitajuaje pa kulileta, bila namba yako?"

Hivyo ndivyo namba ilivyotoka. Jioni ileile fundi alikiona kifungo chini ya kiti. Hakumwambia. Alikitia kwenye droo ya meza yake, ya tatu kutoka juu, akaifunga.

Wakapendana. Mimi nilijua kwa simu, maana binti aliyekuwa akila mezani na mimi akaanza kula dirishani, simu sikioni.

"Umekula, kipenzi?"

"Nakula sasa hivi, mama ananiangalia."

"Mwambie mkwe wake anamsalimia."

"Nani mkwe? Umeleta nini hapa kwetu zaidi ya kuniibia kifungo?"

Sasa nieleze kosa langu, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Mimi gemu za kwenye simu nilizipiga marufuku nyumbani kwangu. Nilimwona mtoto wa jirani amekaa na simu mpaka akasahau kuoga, nikaogopa. Nikasema mbele ya binti yangu, tena kwa sauti, "Mwanaume anayecheza gemu sitaki hata salamu yake." Binti alimpelekea fundi maneno yale kama kichekesho. Fundi alicheka, kisha akabadilisha mazungumzo. Tangu siku hiyo kila mmoja akamficha mwenzake kitu kilekile.

Binti yangu ni mkaguzi kwenye karakana ya nguo. Kazi yake ni kugeuza suruali nje ndani, kufuata mshono kwa kidole, na penye kasoro kuweka alama ya chaki nyeupe. Kwao mkaguzi haruhusiwi kujua nguo imeshonwa na nani, asije akampendelea mtu. Anaweka chaki, anasukuma nguo, anavuta nyingine. Wenzake wakamwita Chaki.

Jina hilohilo akalipeleka kule wachezaji wa gemu wanakoandika maoni yao. Hakuzipenda zile za bunduki. Alipenda gemu ndogondogo zilizotengenezwa na mtu mmoja au wawili kwa mikono yao, mdudu fulani anaruka kutoka rafu hadi rafu, anachungulia vyumba visivyo na mtu. Na alijua kuzisema. "Konokono anaruka vizuri, ila kushuka kumemshinda aliyemtengeneza. Nyota tatu." Au: "Nimekaa juu ya paa la ile nyumba ndogo, sifanyi kitu, nasikiliza mvua tu. Nyota tano, na Mungu ambariki." Wachezaji walimwamini. Chaki akisema pakua, wanapakua. Akisema acha, wanaacha.

Na fundi? Fundi alikuwa anatengeneza gemu. Mwaka mzima, kila mapumziko ya mchana, pale pale dirishani. Kifungo cha mbao kimedondoka kwenye nguo, kinajiviringisha kumtafuta mwenye nguo. Kinapita chini ya kitanda, kinapanda rundo la vitabu, kinadunda juu ya sufuria, kinazunguka nyumba nzima mpaka kwenye kabati lenye droo tatu. Ya tatu aliifunga ndani kwa ndani, ifunguke yenyewe Jumamosi moja tu, siku ya kutimiza mwaka tangu waonane. Siku hiyo ndiyo angempa binti yangu.

Mafundi simu wana desturi yao. Mteja haambiwi kazi imefikia wapi, anakabidhiwa simu inawaka. Kwa hiyo hakusema neno. Wiki moja kabla akaitoa gemu kwa wachezaji, amejiita Fundi Mmoja, wamwambie kasoro azirekebishe mapema. Kuhusu droo hakuandika chochote. Angeandika mstari mmoja tu, mimi leo nisingekuwa na hadithi.

Binti yangu aliipakua Ijumaa. Jumapili akaandika:

"Kifungo kinadunda vizuri, na vumbi la chini ya kitanda limechorwa na mtu anayelijua. Lakini droo ya tatu haifunguki. Nimeisukuma, nimeirukia, nimeizunguka siku mbili. Aliyetengeneza hajaijaribu kazi yake. Ameshona juujuu akaenda zake. Nyota moja. Msipoteze muda."

Wengine wakafuata. "Chaki kasema, mimi sipakui." "Kweli droo mbovu, nimeifuta." Mmoja akaandika tu, "Fundi Mmoja, tafuta fundi wa pili."

Jumatatu fundi alipiga simu, sauti imeingia ndani.

"Laazizi, leo sina maneno."

"Una nini? Unaumwa?"

"Kuna kitu nilikuwa nakitengeneza. Kifungo fulani, gemu. Usimwambie mama. Mtu mmoja amenimaliza mbele ya watu, nimeiondoa."

Binti yangu alikuwa amekaa kitandani. Akasimama. "Mtu gani?"

"Anajiita Chaki. Simjui hanijui, kanifuta kwa mistari mitano."

Hiyo ndiyo ilikuwa saa ya kusema. Badala ya kusema ni yeye, akarudi kukaa kitandani. Akasema, "Labda hakujua."

"Hakujua nini?"

"Sijui. Kula kwanza, roho yangu. Tutaongea."

Hawakuongea. Jumanne akasema amechoka. Jumatano akasema simu haina chaji. Alhamisi fundi akaona asikae na huzuni peke yake, akatoka kazini mapema, akanunua machungwa, akaenda kumpokea kwenye geti la karakana. Mama mmoja wa mashine ya tatu alimwona, akageuka akaita kwa mdomo mkubwa, "We Chaki, toka, mgeni wako huyu, na machungwa kaleta."

Binti yangu alitoka mikono imejaa unga mweupe mpaka kwenye viwiko.

Fundi alimtazama mikono. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Tangu Jumatatu ulijua kuwa gemu ni yangu?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Niliogopa."

"Ile nyota moja ningeimeza," fundi akasema, polepole, bila hasira, na hiyo ndiyo ilimuumiza zaidi. "Ulikuwa hujui. Lakini nilikuwa nalia kwako, na wewe unaniambia nikale."

Akamkabidhi mfuko wa machungwa kwa adabu, akaondoka.

Binti alirudi nyumbani, hakula, akanieleza yote akiwa amelala kifudifudi. Ya gemu, ya Chaki, ya kunificha miaka miwili. Nilikuwa na la kusema kila mahali, nikalizuia. Nilichomwambia ni kimoja, "Mpigie." Alipiga mara nne. Simu iliita mpaka ikakatika.

Ijumaa akaenda kazini, akaniachia simu yake ya zamani, ile aliyokuwa akichezea kwa siri. Gemu ya kifungo ilikuwa bado imo, maana fundi aliiondoa kwa wengine, iliyokwisha kupakuliwa haikufutika. Nikataka kukiona hicho kilichomliza mwanangu. Niliikalia asubuhi nzima. Nilidondoka kwenye rafu ya vitabu mara ishirini na kitu. Nilizama kwenye ndoo. Nikaitukana ndoo. Wali ukaungua. Lakini niseme ukweli, nilipofika dirishani na kile kifungo, nikaona pazia linapepea na sikusikia sauti yoyote isipokuwa mtu anafagia mbali, nikakumbuka nyumba ya mama yangu mzazi. Nikakaa nacho pale. Nikamwelewa binti yangu na mvua yake ya juu ya paa.

Jumamosi nikarudi. Droo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikaigusa tu.

Ikafunguka.

Ndani kulikuwa na ukumbi mdogo wa madirisha, taa moja inawaka, namba kumi na moja. Mbele yake limetundikwa gauni la njano, mkono mmoja hauna kifungo. Mshono ule naujua, ni wa kwangu. Chini kumeandikwa: "Mwenye gauni hili alidondosha kifungo kwangu leo mwaka mmoja. Nilimdanganya, ninacho. Akikitaka aje achukue, na mimi nyongeza, kama mama yake ataridhia."

Kama mama yake ataridhia. Nilikaa chini sakafuni, mtu mzima, na simu mapajani.

"Wewe," niliita. Binti alikuwa nyuma ya nyumba anafua. "Njoo na povu lako hivyohivyo."

Alisoma. Akasoma tena. "Mama, umeifunguaje? Nilihangaika siku mbili."

"Haikuwa mbovu. Ilikuwa haijafika siku yake. Na mimi nilimfungia nje kijana wa watu kabla sijamwona sura. Vaa gauni."

"Lipi?"

"Unaniuliza lipi?"

Tulikwenda wote wawili. Ukumbi umejaa vilevile. Mimi nilisimama dirisha la kumi, najifanya naangalia chaja. Fundi alikuwa ameinamia simu ya mtu, shati la bluu leo halijapigwa pasi.

"Kaka," binti akasema. "Nimefuata kifungo changu."

Bisibisi ilitulia mkononi. "Nani kakufungulia?"

"Mama. Amecheza mpaka wali ukaungua."

"Mama yako? Yule asiyetaka hata salamu?"

"Huyohuyo. Fundi, nisikilize, nisikatishwe, maana nimefanya mazoezi njia nzima. Nyota ile nilikosea, lakini nguo niliikagua bila kujua ya nani. Kunyamaza nilijua ya nani. Hilo ndilo ninaloombea msamaha. Sitakunyamazia tena, hata kama neno lenyewe ni baya."

Fundi aliiweka bisibisi mezani. Mwenye simu akasema, "Kaka, mimi nina haraka."

"Subiri, mzee, hapa pana maisha yangu." Akavuta droo ya tatu ya meza, akatoa kifungo kimefungwa kwenye karatasi. "Lete mkono."

"Sindano unayo?"

"Na uzi. Tangu juzi. Nilijua nitakuja kwenu tu, nilikuwa nasubiri hasira iishe."

Binti akapitisha mkono kwenye dirisha, na fundi akashona pale pale, ulimi nje kama mwanafunzi, watu wamesimama wanatazama. Alipokata uzi, mkaguzi akageuza kifundo cha mkono, akapitisha kidole.

"Umeshona juujuu."

"Weka chaki basi."

"Naweka. Halafu nakuoa."

"Hilo neno lilikuwa langu," fundi akasema. "Mama yako hajaridhia bado."

Nikaiweka chaja chini. "Mama yake yuko hapa," nikasema. "Ameridhia tangu kwenye droo."

Jioni ileile aliirudisha gemu, safari hii na mstari mmoja kwamba droo ina siku yake. Chaki akaandika upya, akakiri kosa mbele ya wote, nyota tano. Na chini yake mimi nikaandika maoni yangu ya kwanza maishani, kidole kimoja, saa nzima: "Mimi ni mama yake Chaki. Nilizichukia hizi. Hii imeniletea mkwe. Ndoo ipunguzwe maji. Nyota tano." Wakacheka huko, wakapakua, wakawaambia wenzao. Kufikia siku ya ndoa kifungo kile kilikuwa kimezunguka nyumba za watu wengi kuliko wageni wote tuliowaalika.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, kabla hujapiga marufuku, kaa umuulize mwanao anacheza nini, na akuoneshe. Na wewe binti, umpendaye akilia kwako na mkono uliomliza ni wako, sema hapohapo. Mimi wangu walipona kwa sababu ya wali ulioungua. Wewe usitegemee wali.

Ninaishia hapa, sijamaliza ila nimekwama. Mkwe ametoa gemu nyingine, ya siafu kwenye kabati la vyombo, na nimempigia mara mbili aniambie birika linapandwaje. Anasema, "Mama, siku yake bado."