Jini Lililotaka Koti la Haramia

Kiuno ndicho kilichoanza. Fowsiya, fundi wa nguo mjini Garissa, alikuwa amekata koti kwa kipimo cha Mwalimu Wendy, mwanamke mwembamba kweli kweli, lakini asubuhi alilikuta limepanuka, mishono yote mizima, utadhani lilikatwa hivyo kwa mtu mnene.

Lilikuwa koti la sherehe. Walimu kutoka bara walipanga siku ya kuvaa mavazi ya mzaha, na Wendy alimletea picha kwenye simu: wanawake waliojifanya maharamia wa baharini, kofia za pembe tatu, mishipi mipana myekundu, kitambaa cheusi jichoni.

"Hii bicha ya haramia?" Fowsiya alicheka. "Haramia ya huko Somalia nafunga kikoi tu na sandali, mwalimu."

"Wetu ni wa kucheza, mama. Wewe fanya nipendeze."

Fowsiya akapunguza kiuno. Adhuhuri, mtaa mzima umelala kwa joto, akasikia cherehani ikishona chumba cha mbele, taratibu, na harufu ya udi ikaja ilhali chetezo kilikuwa baridi. Alimkuta bintiye Bilan sakafuni, amelikumbatia koti, macho yamegeuka meupe.

"Koti langu," Bilan alisema kwa sauti nzito ya mwanamke mzee. "Liongeze kiuno. Na manukato yangu yako wapi?"

Fowsiya alikufa ganzi, kwa maana sauti ile aliijua. Lilikuwa saar, jini linalopanda wanawake na kudai nguo na marashi. Lilimpanda mama yake miaka yote, akalipa mashuka, akalipa dhahabu, akalipa mbuzi, mpaka akazikwa kwa sanda ya kuchangiwa. Sasa lilikuwa limehamia kwa mtoto.

Akamwita Rahmo, mganga wa mtaa, naye akafukiza ubani na kunong'ona.

"Lipe nguo, walaal, ndugu yangu. Likivaa litatulia."

"Mama yangu alilipa kila kitu. Lilitulia lini?"

"Usibishane nalo, litasikia! Litamla mtoto."

Bilan akaanza kucheka polepole, mdomo umefungwa, na kicheko kikatoka ukutani, kikatoka chini ya meza, na udi ukawa mzito hadi Fowsiya akauonja ulimini, na cherehani ikaanza tena bila mguu wa mtu, ikishona hewa tupu, kasi, kasi zaidi, na kila sindano iliposhuka Bilan alishtuka kama inamchoma yeye, na Rahmo akarudi kinyumenyume mpaka akatoka nje na kuacha viatu vyake.

Fowsiya aliogopa. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga, hasira ya miaka, na alilinyakua koti mikononi mwa bintiye, akalivaa juu ya gauni lake la dira. Akajifunga mshipi mwekundu wa vazi hilo, uliokuwa mezani pamoja na kofia na kitambaa cheusi. Akabandika kofia juu ya shela, akafunika jicho moja.

"Nitazame vizuri," alisema. "Umeniibia mama. Umekula mbuzi wetu, umevaa dhahabu yetu, na hakuna aliyewahi kukuita mwizi. Leo haramia ni mimi. Koti nimelichukua na mtoto namchukua. Mwalimu nitamshonea lingine."

"Nipe mshipi tu," saar likasema.

"Hata uzi sikupi."

Cherehani ikasimama. Sauti ikawa ndogo, ya kulalamika, kama ya bibi harusi aliyenyimwa sanduku lake.

"Sasa nitatokaje kwa watu? Nivae nini?"

"Tembea uchi," Fowsiya akajibu.

Mlango ukafunguka wenyewe, na vumbi la nje likapasuka kufanya njia, kama mtu anakimbia ameinama, anajificha. Bilan akapiga chafya, akafumbua macho, akamwangalia mama yake toka kofia hadi miguu.

"Hooyo," aliuliza, kwa sauti yake mwenyewe, "umekuwa nini?"

Fowsiya akamkumbatia na koti lake lote, akalia kwa macho yote mawili.