Mistari Iliyochorwa kwa Mwanga

Mama alikuwa akipiga pasi nguo za wateja aliposikia shemeji yake akikohoa mlangoni. Kikohozi hicho alikijua. Kilikuja kabla ya maneno makali.

"Shemeji, binti yetu anatuchezea," alisema Baba Mdogo kabla hata ya kukaa. "Eti huko maabara anakofanyia majaribio, mwanga unasukuma chuma! Mimi jua linanipiga utosini tangu nizaliwe. Limewahi kunisukuma? Aje dukani kwangu auze misumari."

Tangu Mama afiwe na mumewe, shemeji ndiye aliyeamua mengi. Hili hakumwachia.

"Hauzi misumari," alisema, wala pasi haikusimama. "Kesho twende tukaone. Tusipoona kitu, atakuja kwako. Tukiona, duka lako usilitaje tena."

"Mama!" binti alishtuka jikoni.

"Nyamaza. Nimeshamwomba Mungu."

Chumba cha maabara kilikuwa kidogo, kina joto. Juu ya meza palikuwa na pipa la chuma lenye vidirisha.

"Humu hewa yote imenyonywa," binti alieleza. "Kijitanuri hiki kinachemsha kromiamu, madini yanayong'arisha bomba. Zinatoka atomu, chembe ndogo mno, zinakwenda kutua kwenye kibamba kile."

"Na mwanga?" Mama aliuliza.

"Mwanga wa leza unapita mbele ya kibamba, unagonga kioo, unarudi njia ile ile. Hapo inatokea mistari iliyotulia: mwanga, giza, mwanga, giza. Nimechagua rangi inayosukuma atomu kuelekea gizani. Basi zinatua kwa mistari."

"Mbona jua halinisukumi?"

"Baba Mdogo, atomu haina kitambi."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Baba Mdogo hakucheka. Alifuta jasho, akawasha feni iliyokuwa juu ya meza, pembeni.

Kazi ilipokwisha, binti alikitoa kibamba, akapitisha sindano nyembamba ya mashine juu yake. Sindano hupapasa, na picha hutokea kwenye skrini. Picha ilikuwa tupu. Hakuna hata mstari.

"Misumari inakungoja," alisema Baba Mdogo, akainuka.

Macho ya binti yalilengwa na machozi. "Siku nyingine inatoka, nyingine haitoki. Sijui kwa nini."

"Haondoki mtu hapa," alisema Mama. "Shemeji, kaa. Mwanangu, tafuta."

Binti aliweka kiganja mezani. Kisha akaitazama feni.

"Meza inatetemeka! Kioo kinacheza huku, kibamba kule. Mistari ya mwanga inahama, atomu zinatua ovyo."

"Basi zima feni," alisema Baba Mdogo.

"Sizimi. Kesho atapita mtu na viatu vizito, nitamzima naye?"

Alifungua pipa, akakaza kioo na kibamba kipya kwa skrubu kwenye kipande kimoja cha chuma. "Sasa vikitikisika, vitatikisika pamoja."

Kunyonya hewa upya kulikula mchana wote. Mama alikaa kwenye kigoda, midomo ikisali polepole. Kabla ya kuanza, binti mwenyewe aliiwasha feni.

Jioni picha ilitokea. Mistari ilinyooka, mmoja kando ya mwingine, kama matuta membamba ya kitambaa cha kodrai.

"Mamia ya mistari hii yanaenea kwenye upana wa unywele mmoja," alisema binti. "Tutaitumia kama rula ya kupimia vitu vidogo sana."

Baba Mdogo aliinama, akatazama, akafungua mdomo.

"Shemeji," Mama alimuwahi, akimgeuzia feni, "pata upepo. Ila duka usilitaje."