Kivimbe cha Ukubwa wa Mbaazi

Asubuhi moja ya mwaka 1949, Kalondu na mama yake, Mbula, walikuwa wakimenya mbaazi uani kwao, karibu na Kwa Vonza. Mama alipomeza mate, Kalondu alikiona tena kile kivimbe shingoni kikipanda na kushuka. Alikijua tangu mvua za vuli, akanyamaza kwa sababu mama alimwomba. Tena kilikuwa kidogo, kama mbaazi moja tu. Nani angehangaika na kitu kama hicho!

Siku hiyo baba yake, Kiema, naye alikiona. Kiema alikuwa amerudi kutoka vita vya Burma na hasira za karibu.

"Umenificha?" alifoka, akampiga mkewe kofi hadi ungo wa mbaazi ukamwagika. "Ndama wangu alivimba shingo hivi hivi, nikamchoma, akapona!"

Alitia motoni chuma cha kupigia ng'ombe chapa. Kilipokuwa chekundu, alimwangusha Mbula chini na kumkandamiza kwa goti kifuani.

"Mwaitu!" Kalondu alimlilia mama yake, akakidaka chuma kwa mkono mtupu. Kiganja kikababuka. Baba alimpiga teke, lakini Kalondu hakuachia, mpaka Kiema mwenyewe aliposikia harufu ya nyama ya mwanawe ikiungua. Alikitupa chuma, akamwinua mkewe.

Aliwapeleka wote wawili hospitalini Kitui. Daktari Amin alimpasua Mbula shingo, akakitoa kivimbe. Kipande chembamba cha kivimbe hicho kilipelekwa Nairobi kutayarishwa kwa uchunguzi, na kiliporudi juu ya kioo, daktari alimwita Kiema kwenye hadubini.

"Angalia, mzee. Hii ni saratani. Kwa nje ni ndogo, lakini hapa imetoboa ganda lake, na hapa imeingia nyama iliyo jirani nayo. Ikitoboa hivi, huwa inasambaa. Lazima nitoe na tezi za pembeni kabla haijafika mbali."

"Na kama ningeichoma?"

"Ungemuunguza koo mke wako, na ugonjwa ungebaki ndani."

Kiema alilia mbele ya watu, wala hakuona haya.

Mbula alipasuliwa tena, akapona. Msimu uliofuata walikaa uani na mbaazi zao. Kiema alikishika kiganja cha Kalondu chenye kovu.

"Nisamehe, mwanangu. Nilipigana na ugonjwa nisioujua, nikawaumiza nyinyi. Nawe usifiche tena maradhi kwa kuwa ni madogo. Udogo wake haukutuambia kitu, hadi daktari alipotazama ndani."

Kalondu alijaribu kumenya, lakini vidole havikukunjika vizuri. Baba aliuvuta ungo upande wake, akammenyea.