Mke wa Fundi Anasubiri Nje

"Dada, kompyuta yako umeilaza juu ya dagaa. Ikifika kwa waajiri itanukia kabla hujawaamkia."

Teodora Mhoja aligeuka. Soko la Mwaloni, Kirumba, lilikuwa limechemka saa nne ile ya asubuhi. Wabeba magunia walipiga mluzi watu wapishe, kina mama walibishania sangara, na jua lilikuwa limeshaanza kuchoma migongo. Aliyesema hayo alikuwa kijana mrefu mwenye shati la drafti, bisibisi mbili mfukoni pale wengine wanapoweka kalamu, na sato mmoja akining'inia mkononi.

"Umejuaje ni kompyuta?" Teodora aliuliza, akiunyanyua mkoba haraka kutoka kwenye gunia.

"Waya wa chaja unachungulia. Umefungwa selotepu mara tatu. Huo si waya, huyo ni majeruhi."

Teodora alitaka kucheka, badala yake akalia. Alilia kwa kwikwi, hadi muuza dagaa akasahau kukasirika na kumsogezea kigoda. Kijana naye akabaki na sato wake kama mtu aliyekanyaga nyaya mbili kwa pamoja.

"Mimi ni fundi," alisema kwa sauti ya chini. "Naitwa Masele. Nina kibanda Mkuyuni. Utani wangu huwa unatangulia, adabu inakuja na gari la pili. Una shida gani?"

Shida ilikuwa hii. Miaka mitatu tangu amalize stashahada ya maabara ya samaki, Teodora alikuwa ameandika barua za maombi mpaka posta wakamzoea kwa jina. Miezi miwili iliyopita shirika moja la Dodoma lilimwita kwenye usaili wa mtandaoni. Swali la kwanza tu, sauti ikakata. Akawaona wakimpungia mikono na kuonyesha masikio. Akatoka ili aingie upya, na aliporudi mlango ulikuwa umefungwa. Aliwaandikia akiwasihi, akaandika tena, ndipo wakamjibu: Alhamisi saa tatu asubuhi, na hakutakuwa na nafasi nyingine.

"Leo Jumatatu," alimaliza, akipangusa pua kwa ncha ya kitenge. "Fundi niliyeelekezwa hapa nimekuta kafunga. Nikiikosa hii, baba mkubwa ameshanitafutia kazi kwenye mashine yake ya kusaga, Sengerema. Kupima pumba. Nimesomea bakteria wa samaki, Masele. Pumba hazina hata bakteria wa maana."

"Twende Mkuyuni," Masele alisema, "kabla huyu sato naye hajaomba kazi."

Kibanda chake kilikuwa na upana wa kitanda kimoja, kimejaa kompyuta zilizofunuliwa matumbo. Pale ndipo Teodora alipohamia siku tatu, akivuka na kivuko kutoka kwao Kamanga asubuhi na kurudi jioni. Masele alibadilisha chaja, akatafuta betri nzima, akaisafisha kamera kwa pamba kama anayemsafisha mtoto jicho. Kisha akaanza kumfundisha, na akifundisha alikuwa mkali kuliko mwalimu wa nidhamu.

"Inua kompyuta juu ya madebe mawili. Ukiiweka chini unawaangalia kama umewakuta shimoni. Dirisha liwe mbele yako. Likiwa nyuma wanaona mzuka."

"Na intaneti?"

"Chukua hii modemu yangu. Usitegemee simu, mtu akipiga tu mambo yanakatika. Simu izime. Hata mama akipiga, hata mimi nikipiga. Na ukishaingia, usitoke."

"Hilo la kutoka usinikumbushe."

Jumanne walikula ugali na sangara kwa mama lishe wa jirani, mkono wa Masele ukagusa wake kwenye sahani, na hakuna aliyeuondoa. Hapo msomaji umeshaelewa. Wao bado walikuwa wanajifanya wanazungumzia maiki.

"Ukienda Dodoma, mimi nitatengeneza nini hapa?" Masele alisema akifunga skrubu. "Bora hii kompyuta iungue tu."

Teodora alimtazama kidogo, kisha akacheka. Yale maneno lakini yalimkaa kifuani kama mfupa mdogo wa samaki.

Jumatano jioni walifanya jaribio la mwisho. Teodora alikaa kwa mama lishe na kompyuta, Masele akabaki kibandani na yake, mita kumi kati yao, wakaongea kwa kamera kama watu wa nchi mbili. Kabla ya hapo Masele ndiye aliyemjazia jina la kuingilia. Lilipotokea kwenye kioo, Teodora alisoma: Mke wa Fundi.

"Masele."

"Naam, mke wangu."

"Futa hilo jina. Umenioa lini?"

"Nafuta, mama. Nitumie na linki yao ya kesho, niikague." Teodora akaituma.

Akaja mteja na printa iliyokuwa ikitafuna karatasi, akigomba. Saa nayo ilikuwa imekwenda. Teodora alifunika kompyuta, akaikumbatia, akakimbilia kivuko. Jina halikufutwa.

Alhamisi, saa mbili na dakika hamsini na tano, Teodora alikuwa mezani kwao Kamanga. Juu alivaa koti la bluu lililopigwa pasi mpaka kola ikasimama wima. Chini alivaa kanga na kandambili. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, lakini betri ya Masele ilikuwa imejaa. Mama yake alikuwa amewapeleka kuku wote kwa jirani wasije wakatia neno. Teodora alizima simu, akabonyeza linki. Kioo kikaandika: Tafadhali subiri, mwenyeji atakuruhusu kuingia.

Akasubiri.

Saa ileile, Mkuyuni, Masele alifungua kompyuta yake aangalie kumbukumbu za jaribio la jana, basi tu, kwa kuwa moyo ulikuwa Kamanga. Akaona mstari: Mke wa Fundi, dakika kumi na mbili. Chai ilimpalia.

Akapiga simu. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Nani alimfundisha kuzima simu? Akapiga ya mama yake Teodora, nayo ikaita duka la sola ilikopelekwa kuchajiwa, mwenye duka akaiangalia tu. Kivuko kilikuwa ndiyo kwanza kimeng'oa nanga. Masele alikaa chini, akasimama, akakaa tena.

Saa tatu na dakika kumi na mbili, Teodora alikuwa bado anatazama maneno yaleyale. Aliwasha simu ili awapigie Dodoma, na kabla hajabonyeza namba, ikaita.

"Teo, nisikilize. Jina. Sikulifuta lile jina."

"Jina gani?"

"La jana. Wao wanamtafuta Teodora, wanamwona Mke wa Fundi nje. Hawawezi kumfungulia mtu wasiyemjua. Toka uingie upya, uandike jina lako."

Teodora aliyasoma tena maneno ya kwenye kioo.

"Ulisema bora iungue," Teodora alisema taratibu.

"Ule ulikuwa utani."

"Hata hili jina ni utani. Kila kitu kwako ni utani, na mimi ndiye ninayekwenda kupima pumba. Hukutaka niende, Masele. Sema tu."

"Sikutaka uende, kweli. Lakini siwezi kukufanyia hivi. Toka, mpenzi, uingie upya, ni sekunde kumi."

"Mara ya kwanza nilitoka nikafungiwa. Wewe ukaniambia nisitoke. Leo nitoke? Nimeshakuamini vya kutosha."

Akakata. Akazima simu. Machozi yalidondoka kwenye koti la bluu, akayafuta kwa kanga ya chini.

Masele alibaki na simu sikioni. Kisha akakumbuka ile linki. Aliibonyeza, ikamuuliza jina lake nani. Akaandika haraka, bila kuweka hata nukta:

HUYO MKE WA FUNDI NI TEODORA MHOJA KOSA NI LA FUNDI MFUNGULIENI TAFADHALI

Akabonyeza.

Huko Dodoma, Bi Yasmin, mwenyekiti wa jopo, alikuwa ameshafunga faili. "Dakika kumi na tano zimekwisha. Msailiwa hakutokea, na huyu mke wa fundi sijui kapotea njia gani." Mwenzake akamgusa kiwiko. Walisoma mstari mpya pamoja, wakatazamana.

Kamanga, kioo kiliwaka. Nyuso tatu zikatokea.

"Teodora Mhoja?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo." Sauti ilitoka ikiwa imepasuka.

"Marahaba. Tunakusikia vizuri sana. Kabla ya samaki, kuna mtu huku nje anakuombea kwa herufi kubwa. Wewe ni mke wa fundi?"

Teodora alifumba macho, akafumbua. "Bado, mama. Lilikuwa jina la kujaribia vifaa."

"Haya. Fundi abaki nje, wewe tuambie unavyopima sampuli ya sangara."

Akawaambia. Aliwaambia kwa dakika arobaini, na sauti haikukata hata mara moja.

Alipowasha simu, Masele hakupatikana. Teodora hakufikiri mara mbili. Akatoka mbio kuelekea kivukoni, na hapo ndipo Kamanga nzima ikamwona: juu Dodoma, chini jikoni. Kivuko kilikuwa kinafunga gatini. Mtu wa kwanza kushuka alikuwa na shati la drafti, amekumbatia betri ya gari kifuani.

"Hiyo ya nini?" Teodora aliuliza, akihema.

"Kama ya kwako ingeisha. Wamekufungulia?"

"Wamenifungulia. Nisamehe, Masele."

"Nisamehe mimi. Huwa natania kwa sababu kitu chenyewe nikikisema kavu natetemeka." Aliiweka betri chini. "Teo, lile jina. Nikiliomba kwa adabu, kwa mama yako, na baba mkubwa akiwepo, utalikubali?"

Teodora alimwangalia mpaka abiria wote wakapita. "Nikishindwa usaili utafikiri nimekubali kwa kukimbia pumba. Nikishinda nitakuwa mbali. Subiri. Nawe uone kusubiri kulivyo."

Siku ya tisa Dodoma walipiga: kazi ameipata. Siku ya ishirini akapanda basi, macho yamevimba, na Masele akampungia mpaka mkono ukafa ganzi. Hakuuliza tena. Alirudi kwenye bisibisi zake, akawa fundi mkimya, jambo lililowaogopesha wateja.

Jumapili moja saa kumi alasiri, kompyuta yake ikalia. Kuna mtu nje, iliandika, anaomba kuingia. Masele alisogea asome jina.

Mke wa Fundi.

Alivua fulana ya kazi, akatafuta shati, akafunga vifungo vikapishana, akafungua akavifunga upya. Ndipo akabonyeza ruhusu.

"Umechelewa kufungua," Teodora alisema, ana koti lake la bluu na macho yenye maji.

"Nilikuwa navaa."

"Juu naona shati. Chini je?"

Masele alitazama chini, akasogeza kiti karibu zaidi na meza. "Mke wangu, hilo usiulize."