Mnyanya Uliokwenda Chuo Kikuu

Kila asubuhi, kabla ya kufungua kibanda chake cha kushonea, fundi cherehani alipita nyuma ya nyumba kuangalia nyanya. Bustani ilikuwa ya familia nzima. Mkewe aliuza nyanya sokoni. Binti yao, ambaye kwa kupenda kuongea wote walimwita Chiriku, alimwagilia. Kazi ya fundi mwenyewe ilikuwa kusifia, na kazi hiyo aliifanya vizuri sana.

Asubuhi hiyo hakukuwa na cha kusifia. Minyanya ilikuwa imenyauka tena. Majani yalikuwa bado ya kijani, lakini yamelegea kabisa. Walikuwa wamebadilisha mbegu. Walikuwa wameongeza maji. Wapi! Kila mmea uliokufa, mama aliung'oa na kuutupa kwenye shimo la mboji, kwa sababu hakupenda kupoteza kitu. Mboji ikiiva, waliirudisha kwenye matuta. Mama aliionea fahari mboji yake kuliko vyombo vyake vya harusi.

Siku hizo kulikuwa na jambo jingine nyumbani. Chiriku alikuwa amepata nafasi katika chuo kikuu cha serikali, kusoma sayansi ya mimea. Alitakiwa athibitishe kabla ya wiki kwisha, la sivyo nafasi angepewa mwingine. Baba hakutaka. Alitaka binti asubiri mwaka mwingine, aombe uuguzi.

"Mwanangu, kulima hata mimi najua," alisema. "Usiende chuo kikuu kusomea jembe."

"Si jembe, baba."

"Ni nini basi?"

Chiriku, ambaye hakuwahi kukosa neno, aliishia kuchukua ndoo ya kumwagilia. Machozi yalimlenga. Baba aliyaona na roho ikamuuma, lakini hakulegeza msimamo.

Jirani yao alifanya kazi chuoni huko, katika maabara ya mimea. Mama alimweleza yote. Jirani hakubishana na mtu. Alimwambia fundi kwamba kesho yake chuo kilikuwa kinapokea wazazi, aende akajionee. Tena ang'oe mnyanya mmoja unaonyauka, pamoja na mizizi na udongo wake, aufunge vizuri kwenye mfuko, aje nao.

Fundi alivaa suti aliyoishona mwenyewe, akabeba mfuko wa udongo. Mlinzi wa getini alimtazama mara mbili. Ndani ya maabara kulikuwa na meza ndefu, miche midogo chini ya taa, na wanafunzi waliovaa makoti meupe. Jirani alimpa kisu, akamwambia akate kipande cha shina karibu na mizizi. Kisha jirani akakishika kipande kile juu ya glasi ya maji safi, ncha yake ikizama kidogo. Wakasubiri. Mara kitu cheupe kikaanza kushuka ndani ya maji, chembamba kama uzi.

"Hao ni bakteria, shemeji," alisema jirani. "Wanaziba mishipa ya mmea. Maji hayapandi tena, hata umwagilie vipi."

"Dawa yake?"

"Mmea ukishaugua hauponi tena. Dawa ni kuzuia. Ile iliyokufa mnaipeleka wapi?"

"Kwenye mboji."

"Na mboji?"

"Kwenye matuta." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kumbe ugonjwa tunaupanda wenyewe."

Jirani alicheka, na fundi akashindwa kujizuia, akacheka pia. Kisha alielezwa la kufanya. Minyanya iliyougua ing'olewe na kuchomwa moto. Mboji ile isitumike. Matuta yale yasipandwe nyanya, viazi mviringo, biringanya wala pilipili kwa miaka kadhaa, kwa sababu mimea hiyo ni ndugu na ugonjwa wao ni mmoja. Yapandwe mahindi. Nyanya zihamie upande wa juu, ambako maji ya matuta ya zamani hayafiki. Majembe, visu na viatu vioshwe, maana ugonjwa husafiri na udongo.

Fundi aliuliza haya yote mtu huyasomea wapi.

"Hapa hapa," alijibu jirani. "Ndiyo masomo aliyopangiwa binti yako."

Fundi alirudi nyumbani mbio mbio. Alimkuta Chiriku akiosha vyombo.

"Umethibitisha ile nafasi?"

"Nakusubiri wewe, baba."

"Thibitisha sasa hivi, nikuone. Nilikosea, mwanangu. Nisamehe."

Chiriku alithibitisha kwa simu, mikono ikiwa bado na povu.

Likizo yake ya kwanza ilipofika, nyanya za upande wa juu zilikuwa nyekundu na mama alikuwa haachi kwenda sokoni. Chini mahindi yalisimama vizuri. Chiriku aliweka begi chini, akaenda moja kwa moja bustanini. Baba alimzuia njiani, ndoo na brashi mkononi.

"Simama hapo. Viatu."

"Baba, mimi ndiye ninayesomea mambo haya."

"Ndiyo maana nakushangaa," alisema baba, akamkabidhi brashi.